Mwenye Kitendo ni Nani? Namna ya Kuunganisha -ing na Sentensi Inayofuata

Sema kwa Kiswahili: "Nikiwa natembea kwenda sokoni, mvua ilianza kunyesha." Sentensi imekaa sawa, hakuna atakayekuuliza swali. Sasa iandike kwa Kiingereza kwa kufuata mpangilio uleule: "Walking to the market, the rain started." Msahihishaji ataizungushia duara, kwa sababu ulichoandika ni kwamba mvua ndiyo iliyokuwa ikitembea kwenda sokoni.

Kosa hili huwapata hata waliosoma Kiingereza miaka mingi, na halitokani na uchache wa msamiati. Linatokana na tofauti moja ya muundo kati ya lugha hizi mbili. Ukiishika tofauti hiyo, sehemu kubwa ya taabu ya -ing katika insha, ripoti na barua zako itakwisha. Mwongozo huu unaanza na kanuni yenyewe, kisha unapita mahali ambapo Mswahili hujikwaa, na mwishoni kuna mazoezi na majibu yake.

Kanuni: -ing huazima mwenyewe

Kitenzi cha Kiswahili hutembea na mwenyewe. Katika "nikitembea" yumo mimi, katika "akitembea" yumo yeye, na katika "ikinyesha" imo mvua. Ndiyo maana kishazi cha -ki- kinaweza kuwa na mtenda wake, kishazi kikuu kikawa na mwingine, na msomaji asipotee.

"Walking" haina kiambishi cha namna hiyo. Haisemi kama ni mimi, wewe, wao au ng'ombe. Wala haisemi kama ni jana, leo au kesho. Mtenda na wakati, vyote viwili, huazimwa kutoka kwenye kishazi kikuu, na mtenda huwa ni kiima cha kishazi hicho. Kwa hiyo ukianza sentensi kwa -ing, kiima kinachokuja baada ya mkato lazima kiwe kinamtaja yule anayefanya kitendo cha mwanzo.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Kiima cha kuazima nacho, kisipomwenea mwazimaji, kinaiacha sentensi nzima uchi.

Kuna njia tatu za kuirekebisha sentensi ya mvua.

Ya kwanza ni kubadili kiima cha kishazi kikuu: "Walking to the market, I was caught in the rain." Sasa anayetembea ni "I", na aliyenyeshewa ni yeye huyohuyo.

Ya pili ni kukipa kishazi cha mwanzo kiima chake, kwa kutumia kiunganishi kama "as", "when" au "while": "As I was walking to the market, the rain started." Hii ndiyo iliyo karibu zaidi na Kiswahili chetu, na ndiyo salama kuliko zote unapokuwa na haraka, kwa mfano ndani ya chumba cha mtihani.

Ya tatu ni kuzigawa: "I was walking to the market. The rain started." Usiidharau. Sentensi mbili fupi zilizonyooka ni bora kuliko moja ndefu iliyopinda.

Viima vinne vinavyopotosha

Mvua ni rahisi kuigundua kwa sababu inachekesha. Kuna viima vingine vinavyopita kimyakimya.

*Kiima chenye mmiliki.* Tazama: "Having won the Nobel Prize in 2021, Gurnah's novels found new readers." Unamwona Gurnah pale, na ni kweli kwamba Abdulrazak Gurnah alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Lakini kiima cha sentensi si Gurnah, ni "novels". Riwaya ndizo zilizotunukiwa. Andika: "Having won the Nobel Prize in 2021, Gurnah found new readers." Kila unapoona alama ya umiliki mara tu baada ya mkato, simama uangalie.

*"It" na "there".* "Living in Tanga, it is easy to get fresh fish." Nani anaishi Tanga? "It" haiishi popote. Andika: "Living in Tanga, we get fresh fish easily." Au: "It is easy to get fresh fish if you live in Tanga."

*Kauli ya kutendwa.* "Using a thermometer, the temperature was measured every hour." Kwa sarufi kavu, halijoto ndiyo iliyotumia kipimajoto. Sentensi za namna hii zimejaa katika ripoti za maabara, na wasomi wengi wa sayansi huzivumilia hasa kwa neno "using". Lakini huna sababu ya kutegemea huruma ya msomaji wakati njia fupi ipo: "The temperature was measured every hour with a thermometer." Au mtaje mpimaji: "Using a thermometer, we measured the temperature every hour."

*Kiima kilicho karibu na ukweli lakini sicho.* "Built between 1593 and 1596, the Portuguese used Fort Jesus to guard the harbour." Wareno hawakujengwa Mombasa miaka hiyo, iliyojengwa ni ngome. "Built" haina -ing, lakini hufuata sheria ileile, kwani nayo haina mtu ndani yake. Andika: "Built between 1593 and 1596, Fort Jesus was used by the Portuguese to guard the harbour."

Kosa hili si la wageni wa Kiingereza peke yao. Katika tamthilia ya Hamlet ya Shakespeare, mzuka wa mfalme unasimulia uvumi ulioenezwa kuhusu kifo chake, kwamba aliumwa na nyoka akiwa amelala bustanini mwake. Ukiipima sentensi ile kwa kanuni hii, aliyelala ni nyoka. Watazamaji wanaelewa, kwa sababu mfalme amesimama mbele yao akizungumza. Wewe msomaji wako hakuoni, na anayesahihisha mtihani au kuchambua barua mia za maombi ya kazi hatakuwa na subira ya mtazamaji wa tamthilia.

Hata Kiswahili kinaijua hatari hii pale kinapotumia kitenzi kisicho na mtu. Sema "Baada ya kufika, mlango ulifungwa." Nani aliyefika? Masikio yako yanasita. Hali hiyohiyo ya kusita ndiyo unayopaswa kuihamishia kwenye -ing.

Mkato unaamua mengi

Kabla ya kutafuta mtenda, hakikisha -ing yako ni kitenzi kweli. Linganisha sentensi hizi mbili:

"Selling mangoes paid her school fees."

"Selling mangoes, she paid her school fees."

Katika ya kwanza, "selling mangoes" ndiyo kiima chenyewe. Ni nomino, sawa na "kuuza maembe kulimlipia ada". Haiazimi kitu na haitaki mkato. Katika ya pili, kiima ni "she", na "selling mangoes" imesimama pembeni kueleza alivyofanya. Hapo mkato ni wa lazima. Ukiuweka mkato katika ya kwanza, au ukiuondoa katika ya pili, msomaji anajikwaa katikati ya sentensi na kulazimika kurudi nyuma.

-ing ikiwa kiima, kitenzi chake ni cha umoja hata kama inafuatwa na vitu vingi: "Learning two languages takes time", si "take". Kiswahili nacho husema "kujifunza lugha mbili kunachukua muda", hakisemi "zinachukua". Fuata sikio lako.

Utakuta vitabu vya zamani vikitenga -ing ya nomino na -ing ya kitenzi kama viumbe wawili. Kihistoria ndivyo ilivyokuwa: Kiingereza cha kale kilikuwa na tamati mbili tofauti, moja ya nomino na nyingine ya kitenzi, na karne zilivyopita zikaungana kuwa moja. Sarufi kubwa ya Kiingereza iliyotolewa na Cambridge mwaka 2002 imeacha kabisa kuzitenga na kuzipa jina moja. Usihangaike na majina. Jiulize tu: hii ni jambo linalosemwa, au ni kitendo cha mtu ninayemtaja mbele?

Wakati: lipi lilitangulia?

-ing ya kawaida huonyesha vitendo viwili vinavyokwenda pamoja, au kimoja kinachofuata kingine papo hapo. "Opening the door, she saw a snake" ni sawa: kufungua na kuona havikupishana hata dakika.

Lakini kitendo cha kwanza kikiwa kimekwisha, na hasa kikiwa kimepita muda, tumia "having". Hii ndiyo "akiwa amemaliza" ya Kiswahili. "Having finished Form Four, he joined a college in Morogoro." Ukiandika "Finishing Form Four, he joined a college", inasikika kama alikuwa darasani na chuoni kwa wakati mmoja.

Mfano ulio wazi zaidi: Wangari Maathai alianzisha Green Belt Movement mwaka 1977 na kupata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. "Founding the Green Belt Movement in 1977, Wangari Maathai won the Nobel Peace Prize in 2004" inabana miaka 27 kuwa siku moja. Sahihi ni "Having founded the Green Belt Movement in 1977".

Kwa kuzaliwa, kujengwa, kuandikwa na mengine ya kutendwa yaliyokwisha, usitumie "being". "Being born in Zanzibar in 1948, Gurnah writes in English" ina kasoro mbili. Kuzaliwa si jambo linaloendelea, na "being" mwanzoni mwa sentensi husomeka kama "kwa kuwa", yaani kama vile kuzaliwa Zanzibar ndiyo sababu ya kuandika Kiingereza. "Born in Zanzibar in 1948, Gurnah writes in English" inatosha.

Kumbuka hilo la "being" na sababu. "Being a stranger, he asked for directions" maana yake ni kwamba aliuliza njia kwa kuwa alikuwa mgeni. Ni matumizi mazuri, lakini pale tu ugeni ulipo sababu ya kweli.

Mambo mawili madogo yanafuata hapo.

La kwanza, umefundishwa kwamba "know", "have" na "believe" hazipendi -ing, na kwamba "I am knowing" ni kosa. Ni kweli kwa kitenzi kikuu. Lakini katika kishazi cha pembeni zinaruhusiwa kabisa: "Knowing the road well, he drove without a map." Wanafunzi wengi huogopa sentensi hii bila sababu.

La pili, ukanushi. "Not" hutangulia -ing: "Not knowing the way, we asked a boda boda rider." Usiweke "don't", wala usiiweke "not" nyuma. Na kumbuka kwamba Kiswahili husema "kabla hajafika" kwa ukanushi, ilhali Kiingereza hakikanushi hapo. "Before he had not arrived" ni Kiswahili kilichovaa suti. Sema "before he arrived" au "before arriving".

-ing inapokuja mwishoni

-ing ya mwishoni ina kazi tatu, na mkato ndio unaoitenga ya kwanza na mbili zinazofuata.

Bila mkato, huambatana na nomino iliyo jirani: "I greeted the man selling coffee." Ni "anayeuza kahawa". Muuzaji ni yule mtu.

Kwa mkato, hurudi kwa kiima: "She walked home, singing softly." Ni "akiimba". Mwimbaji ni yeye aliyetembea.

Kwa mkato vilevile, inaweza kubeba kishazi kizima kilichotangulia na kueleza matokeo yake: "The ferry broke down, leaving hundreds of people stranded in Kigamboni." Kilichowaacha watu si kivuko kama chombo, ni jambo zima la kuharibika kwake. Kwa Kiswahili tungesema "kivuko kiliharibika, hivyo mamia ya watu wakakwama Kigamboni". Waandishi wa habari wa Kiingereza wanaipenda sana -ing hii kwa sababu inafupisha. Itumie, lakini mara moja katika aya. Ikirudiwa kila sentensi, habari inakuwa na mkia mmoja usiokatika.

Angalia mahali ambapo watu wawili wanagombea -ing moja. "Fatuma saw the teacher walking to school." Bila mkato, Kiingereza humpa mwalimu. Kiswahili hakikusaidii hapa, maana "alimwona mwalimu akitembea" yaweza kumhusu yeyote kati yao. Ikiwa aliyekuwa akitembea ni Fatuma, mpeleke mbele: "Walking to school, Fatuma saw the teacher."

Kosa jingine linatoka vyumba vya habari, na lipo katika lugha zote mbili: "The minister visited the port, adding that new cranes would arrive soon." Kuongeza nini, wakati hajasema chochote? "Adding that" inahitaji kitenzi cha kusema kabla yake. Andika: "Visiting the port, the minister said that new cranes would arrive soon, adding that they were already on the way."

-ing ikifuatwa na "that"

Hapa sentensi inakuwa na vishazi vitatu, na hapa ndipo uzi unapokatika kwa wengi.

"Knowing that the tide was turning, the fishermen pulled in their nets."

Kishazi cha kwanza ni "knowing". Cha pili, baada ya "that", kina kiima chake mwenyewe, "the tide". Cha tatu ndicho kikuu, na kiima chake ni "the fishermen". Waliojua ni wavuvi, si maji. Kwa hiyo -ing inaruka kiima cha katikati na kwenda kuazima kwenye kishazi kikuu. Sentensi ikiwa ndefu, soma sehemu ya kwanza na ya mwisho tu, ukiiruka ya katikati: "Knowing..., the fishermen pulled in their nets." Ikikaa sawa, umesalimika.

Mitego ni miwili.

Mtego wa kwanza ni kuongeza "so" au "therefore" mbele ya kishazi kikuu: "Knowing that the tide was turning, so the fishermen pulled in their nets." Kiswahili huzoea kufunga sababu kwa "hivyo" au "basi": kwa kuwa maji yalikuwa yakigeuka, basi wavuvi wakavuta nyavu. Kiingereza hakikubali. -ing yenyewe imeshafanya kazi ya kuunganisha, na kiunganishi cha pili kinaiharibu. Kosa hili ni ndugu wa lile la kuandika "although" na "but" katika sentensi moja.

Mtego wa pili ni kuishia njiani: "Hoping that my application will be considered." Ukaweka nukta. Hiyo si sentensi. Ina -ing na ina "that", lakini kishazi kikuu hakipo, kwa hiyo anayetumaini hajulikani. Ama umtaje, "I hope that my application will be considered", ama umalizie: "Hoping that my application will be considered, I have enclosed copies of my certificates."

Baada ya vihusishi: ku- yetu inadanganya

"Kabla ya kula", "bila kuuliza", "kwa kuuza". Kwetu zote ni ku-, na tumezoea kuambiwa ku- ni "to". Hivyo tunaandika "before to eat" na "without to ask". Kanuni ya Kiingereza ni kwamba kihusishi hufuatwa na -ing: "before eating", "without asking", "by selling", "after closing the shop". Na ukianza sentensi nazo, kanuni ya kuazima inabaki ileile: "After closing the shop, Salma counted the money" ni sawa, "After closing the shop, the money was counted" ni mashaka.

Kuna "to" ambayo ni kihusishi, haina uhusiano na ku-. Iko katika "look forward to", "be used to", "object to" na "with a view to". Hizi hufuatwa na -ing. "I look forward to hearing from you", kamwe si "to hear". Tenga pia "I used to work at night", yaani nilizoea zamani na sasa nimeacha, na "I am used to working at night", yaani nimezoea na hainisumbui.

Maneno yaliyosamehewa

Utakutana na sentensi kama hizi na kudhani zimevunja sheria:

"Considering the price, the house is small."

"Judging by the clouds, the rain is near."

"Generally speaking, prices rise in December."

Nyumba haifikirii bei, wala mvua haihukumu mawingu. Lakini hakuna kosa, kwa sababu maneno haya yameacha kuwa vitenzi na kugeuka vihusishi au viunganishi. Katika kundi hili wamo "regarding", "concerning", "including", "depending on", "according to", "owing to", "assuming that" na "seeing that". Hata "during" ilikuwa -ing ya kitenzi ambacho Kiingereza kimekiacha.

Kiswahili kimefanya vilevile. "Kutokana na mvua, barabara imefungwa." Hakuna anayeuliza ni nani aliyetokana. "Kuhusu", "kulingana na", "kuanzia" na "kufuatia" zote zilikuwa vitenzi, leo ni vihusishi. Ukiona neno la -ing la Kiingereza linatafsirika vizuri kwa mojawapo ya haya, kuna uwezekano mkubwa kwamba limesamehewa.

Moja tu ulitazame: "following". "Following the rains, the road was closed" inaeleweka kama kihusishi. Lakini "Following the thief, the road became dark" inarudi kuwa kitenzi, na barabara inakimbiza mwizi. Msamaha ni wa maana, si wa neno.

-ing yenye kiima chake yenyewe

Ukitaka -ing isiazime, ipe kiima chake ndani ya kishazi hichohicho: "The rains having failed, the farmers sold their goats." Mvua ina "having failed" yake, wakulima wana "sold" yao. Muundo huu ni rasmi na una harufu ya vitabu, kwa hiyo utumie kwa nadra. Wa kila siku ni ule wa "with": "With the tide going out, the women went to collect seaweed." Ni njia nzuri ya kusema "huku maji yakitoka", na wengi huisahau.

Suala la "my leaving" au "me leaving" ni dogo kuliko kelele zake. H. W. Fowler, aliyeandika kamusi maarufu ya matumizi ya Kiingereza mwaka 1926, aliukataa muundo wa pili. Mwanasarufi wa Denmark Otto Jespersen alimpinga kwa mifano mingi kutoka kwa waandishi wakubwa. Leo yote mawili yanakubalika, lakini katika barua rasmi chagua la umiliki: "Thank you for your reply regarding my leaving early."

Barua ya kazi: kutoka makosa hadi usafi

Soma barua hii:

"Referring to the heading above. Being a hard-working person, this post suits me. Having graduated in 2022, my experience includes keeping accounts. Knowing that your company needs honest workers, so I am applying for this post. Hoping that my application will be considered."

Sentensi ya kwanza haina kishazi kikuu; ni "Husika na kichwa cha habari hapo juu" iliyohamishwa kizimakizima. Ya pili inasema nafasi ya kazi ndiyo yenye bidii. Ya tatu inasema uzoefu ulihitimu mwaka 2022. Ya nne ina "so" isiyohitajika. Ya tano imeishia hewani. Sentensi tano, zote zimeanza kwa -ing, na mwombaji mwenyewe ametajwa kama kiima mara moja tu. Mwajiri anamaliza kusoma bila kumwona mtu.

Sasa hii:

"I am writing to apply for the post of assistant accountant. Having graduated in 2022, I have kept accounts for a small school in Dodoma. Knowing that this work depends on accuracy, I check every figure twice. I hope that my application will be considered, and I look forward to hearing from you."

-ing bado zipo, na safari hii kila iliyotangulia mkato imepata "I" ya kuiazima. Barua imekuwa ya mtu.

Mazoezi

Rekebisha sentensi hizi. Usiangalie majibu kwanza.

1. Rising to 5,895 metres, climbers need several days to reach the top of Kilimanjaro.
2. Don't having money, we walked home.
3. Cooking three meals a day are hard work.
4. Being tired, so the children slept early.
5. Sailing north from Unguja, Pemba came into view.
6. He left the office without to lock the door.

*Majibu.* Katika ya 1, wapandaji hawana urefu wa mita 5,895; andika "Rising to 5,895 metres, Kilimanjaro takes climbers several days to climb." Ya 2 ni "Not having money", au kwa urahisi zaidi "Having no money". Ya 3 inataka "is". Ya 4, ondoa "so". Ya 5, kisiwa hakisafiri, andika "Sailing north from Unguja, we saw Pemba." Ya 6 ni "without locking".

Kisha chukua ukurasa mmoja wa kitu ulichoandika wewe mwenyewe kwa Kiingereza. Pigia mstari kila -ing iliyo mwanzoni mwa sentensi au baada ya mkato, na juu yake andika kwa penseli jina la anayetenda. Zungushia kiima cha kishazi kikuu. Viwili hivyo vikilingana, endelea. Visipolingana, rudi kwenye njia tatu za mwanzo na uchague iliyo fupi. Na mahali ambapo huwezi kuandika jina lolote juu ya -ing, wala haimo katika zile zilizosamehewa, futa sentensi hiyo uianze upya kwa kumtaja mtu.